Katuni "Zetu" ni za Nani? Hoja Dhidi ya Uhakiki wa Hamu, kwa Mfano wa Voi

Katika miaka ya karibuni pamezuka katika idara zetu za fasihi aina ya makala ambayo msomaji aliyekwisha kusoma mbili hana haja ya kusoma ya tatu. Huanza kwa orodha: He-Man, ThunderCats, Voltron, Tom and Jerry, Captain Planet. Orodha hufuatwa na kauli kwamba hizo ndizo "katuni zetu", zilizokilea kizazi cha miaka ya 1980 na 1990. Kisha huja ombolezo juu ya mtoto wa leo, ambaye inasemekana hana subira, hana wenzake wa kutazama nao, na hana chochote ila simu ya mamake. Mwishoni, kama pilipili iliyosahauliwa hadi chakula kimekwisha kupakuliwa, hunyunyizwa nadharia kidogo, na mwandishi huhitimisha kwamba katuni zile zilikuwa ngano za kizazi kipya na televisheni ilikuwa meko mapya.

Makala haya yanakusudia kuupinga mtindo huo. Hayakusudii kuwakataza watu wazima kukumbuka. Binadamu asiyekumbuka utoto wake ni wa kuhurumiwa, na mwandishi wa makala haya, aliyekulia Voi katika miaka hiyo hiyo, anayo orodha yake kama wenzake. Tunachokipinga ni kumbukumbu kuvishwa joho la uhakiki na kupitishwa katika semina bila kuulizwa maswali ambayo hata shairi la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lingeulizwa. Nani alitunga? Kwa lugha gani? Kwa hadhira ipi? Nani alilipa? Maswali yote haya humezwa na kivumishi kimoja cha kumiliki, "zetu", na kwa maoni yetu kivumishi hicho ndicho kinachostahili kufikishwa kizimbani.

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hamu ya namna hii lilibuniwa na Johannes Hofer katika tasnifu ya udaktari aliyoiwasilisha Basel mwaka 1688, kuutaja ugonjwa wa Waswisi waliokuwa ugenini wakidhoofu kwa kutamani kwao. Zaidi ya karne tatu baadaye, Svetlana Boym (2001) alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na hamu inayoketi juu ya magofu ikatafakari. Wenzetu humtaja Boym sana, na aghalabu hudai kuwa wao ni wa kundi la pili. Lakini hapa pana jambo la ajabu ambalo halijatiliwa maanani. Mswisi wa Hofer alitamani milima yake mwenyewe. Mhakiki wetu, ambaye milima ya Taita iko dirishani pake, anatamani Eternia.

Basi na tuitazame hiyo Eternia. Vibonzo vya He-Man vilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1983, vikitengenezwa na kampuni ya Filmation kwa ajili ya vinyago ambavyo kampuni ya Mattel ilikuwa imekwisha kuviingiza sokoni. Transformers ilifuata mwaka 1984 kwa ajili ya vinyago vya Hasbro. Katika mwaka huo huo serikali ya Marekani ililegeza masharti yaliyobana muda wa matangazo ya biashara katika televisheni, na kipindi kizima cha nusu saa kikaweza kuwa tangazo. Hii si siri, wala si tafsiri ya Kimarx iliyolazimishwa. Wazazi wa Kimarekani wenyewe waliilalamikia hali hiyo hadi ikatungwa sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990. Filamu hizo zilipokuwa zimekwisha kurudisha gharama yake kwao, ziliuzwa kwingineko kwa bei ambayo hakuna studio ya hapa kwetu ingeweza kushindana nayo. Nordenstreng na Varis walikuwa wameuonyesha mkondo huo tangu mwaka 1974, katika uchunguzi wao kwa UNESCO uliobainisha kwamba vipindi vya televisheni vilisafiri upande mmoja tu, kama maji ya mteremkoni.

Lakini tangazo lile lilipofika Voi lilikuta hakuna duka. Hakuna aliyekuwa akiuza upanga wa He-Man kati ya stesheni ya reli na soko la Voi. Upanga ulichongwa. Ulichongwa kutokana na ule mlingoti mwepesi ambao mkonge huuchipuza unapokaribia kufa, na mkonge, katika wilaya yenye mashamba kama yale ya Mwatate, haukuwa bidhaa adimu. Mlingoti ukikauka hukatika kwa kisu cha jikoni, hauumizi sana ukipigwa nao, na huelea majini. Mattel haikuambulia hata senti. Mtoto aliyeuchonga upanga ule alikuwa amelipokea tangazo akalinyima riziki yake. Lakini katika makala za wenzetu utasoma habari za He-Man kurasa sita, na habari za mkonge hutazipata popote.

Suala la pili ni lugha. Sauti ya Kenya, na baadaye KBC tangu mwaka 1989, haikuwa mgeni wa Kiswahili. Watu wazima walipewa Vitimbi, wakapewa Vioja Mahakamani, wakapewa Tushauriane na Tausi. Waliambiwa, kwa kitendo, kwamba uchekeshaji wao, hila zao, mahakama zao na ugomvi wao wa ndoa vilistahili kamera, mwigizaji na lugha ya taifa. Watoto, ukiondoa vipindi vichache vya kuimba na kukariri, walipewa hadithi za kuagizwa, kwa Kiingereza, bila tafsiri ya sauti wala maandishi. Mgawanyo huu wa lugha kwa umri ni jambo zito kwa yeyote anayedai kuchunguza historia ya fasihi ya watoto katika Kiswahili. Yamkini ulitokana na bajeti zaidi kuliko sera. Hata hivyo, athari ni ile ile: kizazi kizima kilijifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya baba kucheka baada ya kazi, na ndoto huota kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba wahakiki wa kizazi hicho, wakiwa sasa walimu wa Kiswahili, wanakitaja kipindi hicho kuwa ni enzi ya dhahabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tembo lilikuwa maji tangu mwanzo, na bado linasifiwa.

Tatu, hebu tuulize ni nani hasa aliyeko ndani ya "zetu". Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini kuanza Nairobi ni jambo moja na kufika Kasigau ni jambo jingine. Voi, kwa kuwa mji wa reli na wa barabara kuu ya Mombasa, ilikuwa na umeme na baadhi ya nyumba zenye televisheni. Kwingineko katika Taita Taveta, seti nyingi zilizokuwapo zilikuwa zile ndogo za picha nyeusi na nyeupe, Great Wall na jamaa zake, zilizoendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilipelekwa mjini kuchajiwa, ikarudishwa kwa baiskeli au juu ya matatu, na kwa kuwa chaji ilikuwa na bei, mwenye nyumba alijua kuipima: taarifa ya habari kwanza, mpira Jumamosi, na katuni ikiwa betri bado ina pumzi. Mtoto wa kambi ya mkonge, mtoto wa Sagalla juu mlimani, mtoto wa mpakani Taveta, walitazama kwa rehema ya betri ya mtu mwingine, ikiwa walitazama kabisa. Huko Tanzania bara, ng'ambo ya mpaka huo huo, hapakuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho, tena cha rangi, tangu 1973. Ni "kizazi" gani basi kinachosemewa na orodha hizi? Tunachelea kwamba ni kizazi cha watoto wa walimu, makarani na wafanyakazi wa reli, yaani sisi wenyewe, tuliofika chuo kikuu na kupata pa kuandikia.

Tumekwisha kubomoa, na haki inadai tuseme kilichobaki. Kilichobaki ni kikubwa kuliko orodha.

Tangu Mulokozi (1989) alipoziainisha tanzu za fasihi simulizi kwa kuzingatia muktadha na namna ya uwasilishaji, hatuna kisingizio cha kuitazama kazi simulizi kama kwamba ni maneno matupu yaliyotengwa na fanani, hadhira, mahali na wakati. Tukiitumia busara hiyo sebuleni, tutaona kwamba picha iliyokuwa kiooni haikuwa kazi nzima. Katika nyumba ya mzee mmoja wa reli tulimokuwa tukienda, televisheni ilikuwa na picha yenye chenga na sauti iliyokwaruza. Hadhira ilikuwa watoto kumi na watano hivi, wa Kisaghala, wa Kidawida, wa Kikamba, wa Kijaluo, wote wakikutana katika Kiswahili cha mtaani. Kati ya kioo na hadhira aliketi fanani. Kwetu alikuwa dada mmoja wa darasa la sita, ambaye Kiingereza chake, tukikipima leo, kilikuwa Kiingereza cha darasa la sita. Alikisikiliza kioo kwa sikio moja na kutusimulia kwa mdomo mzima. Aliposhindwa kuelewa hakunyamaza, alitunga. Alimpa kila mhusika sauti na ukoo. Stelingi, kwa mujibu wa kanuni ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja, hakufa. Adui alizungumza kama chifu. Tulimkatiza, tulimpinga, tulimdai arudie, na wadogo zaidi walipewa kwa Kisaghala kile ambacho Kiswahili hakijawafikishia. Kipindi kilipokwisha, hadithi haikuisha, kwani aliulizwa njiani nini kitatokea Jumamosi ijayo, naye alijibu bila kusita.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa usanii huo. Katika filamu za awali za Tom and Jerry, kati ya mwaka 1940 na 1952, anatokea mwanamke mweusi ambaye huonekana miguu na aproni, uso wake ukifichwa. Ni mtumishi wa ndani katika Marekani ya ubaguzi, na lafudhi aliyopewa ni kejeli ya usemi wa watu weusi wa Kusini. Miaka ya 1960 Wamarekani wenyewe waliona haya, wakamchora upya katika baadhi ya filamu kuwa mwanamke mweupe mwembamba. Wenzetu wanaoandika juu ya "utoto usio na hatia" wa katuni hizi humruka mama huyu kana kwamba hayumo. Dada yetu hakumruka. Kwake yeye, mwanamke mwenye ufagio, anayemwamuru paka na kumfukuza nje usiku, hangeweza kuwa mtumishi wa mtu asiyeonekana. Alikuwa mwenye nyumba. Alimpa sauti ya mama mmoja wa jirani aliyekuwa na vyumba vya kupangisha, mwenye kudai kodi tarehe moja asubuhi, na sebule nzima ilimtambua, ikacheka hadi mzee wa reli akatoka chumbani. Kwa sentensi mbili za Kiswahili msichana wa darasa la sita alikuwa ameupindua mfumo mzima wa rangi uliowekwa katika picha ile, bila kujua kwamba upo. Je, hapo tunahakiki filamu ya Hanna na Barbera, au tunahakiki utambaji wa Voi?

Yupo atakayesema kwamba tunakuza mchezo wa watoto, na kwamba kuivisha picha ya mtu maneno mengine ni upotoshaji wa matini. Mtu huyo na aisome historia ya hiyo Voltron anayoililia. Voltron iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1984 haikuwa kazi ya Kimarekani kwa asili. Kampuni ya World Events Productions ilichukua picha za mfululizo wa Kijapani uitwao GoLion, wa mwaka 1981, ikazikatakata, ikaziandikia mazungumzo mapya ambayo hayakuwa tafsiri ya yale ya Kijapani. Rubani mmoja aliyekufa katika GoLion hakuruhusiwa kufa katika Voltron. Watazamaji walielezwa kwamba amejeruhiwa na amepelekwa mbali kutibiwa. Kwa maneno mengine, watu wazima wenye mishahara walifanya huko Marekani kile kile ambacho dada yetu alikifanya Voi bila malipo, na kwa kanuni ile ile kwamba stelingi hafi. Wao waliitwa waandishi, jina lao likapita kiooni mwishoni mwa kipindi. Yeye alikuwa mfasiri wa tatu katika mnyororo huo, na ndiye pekee aliyekuwa na hadhira yake mbele ya macho.

Tunafahamu kwamba hoja hii ina maadui pande mbili. Upande mmoja wako wale wa "mwacha mila ni mtumwa", ambao kwao televisheni iliua ngano na hakuna la kujadili zaidi. Hao tungewaomba watuonyeshe tarehe ya kifo. Ngano ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na shule ya bweni, na kazi ya reli, na mama kutoka alfajiri kwenda kukata mkonge, kabla betri ya kwanza haijapandishwa mlimani. Na ushahidi wa sebule ile ni kwamba mbinu zake, yaani fanani, kiitikio, ukatizaji, uhuru wa kubuni, zilihamia mahali pengine zikaendelea kufanya kazi. Upande wa pili wako wafuasi wa Dorfman na Mattelart, ambao kitabu chao kuhusu Donald Duck kilitolewa Chile mwaka 1971 na kuchomwa moto baada ya mapinduzi ya 1973. Tunakiheshimu kitabu hicho, na aya zetu kuhusu Eternia zina deni kwake. Kasoro yake ni kwamba kilimsoma bata kwa makini sana kikamsahau mtoto aliyemshika bata mkononi. Ubeberu wa kitamaduni upo, haukusudii mema, lakini kudhani kwamba kila mshale ulifika ulikolengwa ni kumsifu mpigaji kupita kiasi.

Wala sebule ya Voi haikuwa kisiwa. Katika Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni, sauti yake ikipanda juu ya sauti ya asili. Matthias Krings (2015) amemchunguza kwa urefu. Kenya inaye DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wake wa Kiganda katika vibanda vya video. Usimulizi huo wa watu wazima umeanza kupata wahakiki wake, na wengi wao, tuliseme bila kisirani, wanatoka nje. Usimulizi wa watoto kwa watoto, ambao ndio shule walikosomea mafanyakazi hao wa sauti, haujapata mtu.

Iko hasara nyingine ya uhakiki wa hamu, nayo ni kwamba huwa hauna mahali. Orodha iliyoandikwa Voi haitofautiani na ile iliyoandikwa Manchester. Lakini matini hubadilika kwa kutazamwa pahali. Chukua ndovu. Katika katuni, tangu Dumbo wa mwaka 1941, ndovu ni mnyama wa huruma, mwenye masikio ya kuchekesha na moyo laini. Voi ni makao makuu ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na mbuga zake mbili leo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti. Huko Sagalla ya chini wakulima hutundika mizinga ya nyuki kwenye nyaya kuzunguka mashamba ili ndovu, anayeogopa nyuki, asimalize mahindi kwa usiku mmoja. Mtoto wa hapo alipomwona ndovu wa rangi rangi akilia machozi kiooni, hakuona kile alichokiona mtoto wa London. Sisi tuliwahi kusikia sebule nzima ikimzomea. Baadaye, Captain Planet alipokuja na mafunzo yake ya kuhifadhi mazingira, mwaka mmoja au zaidi baada ya Kenya kuteketeza tani 12 za pembe hadharani Julai 1989, somo lile lilikuwa na wasikilizaji wenye maswali ambayo waandishi wake hawakuyatarajia: je, fidia ya mahindi iko wapi? Hapo pana tasnifu nzima. Mwandishi wake atalazimika kupanda Sagalla, kuketi na watu waliokuwa watoto wakati ule, na kuwauliza walimcheka nani na kwa nini.

Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, yanahusu wakati uliopo. Mwaka 2010 kulianza kuonyeshwa Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi na vijana wa Kenya kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, kwa mtindo wa uchoraji alioanzisha Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam. Ngano za wanyama, rangi za Dar, mikono ya Nairobi, na lugha ya kwanza ya kazi hiyo ikawa Kiingereza cha watoto wa BBC. Mwaka 2014 Ubongo Kids walianza huko Tanzania kwa Kiswahili, wakifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi za Kiafrika na kuuita Kizazi Moto. Ndani yake imo Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii. (Jina hilo lina Kiswahili safi kuliko baadhi ya vichwa vya tasnifu tulizosahihisha.) Kila moja ya kazi hizi inaibua masuala ambayo idara ya Kiswahili, kuliko idara nyingine yoyote, ingepaswa kuyadaka: tafsiri ya sauti, mkondo wa ngano kutoka simulizi hadi picha, Kiswahili sanifu mdomoni mwa mhusika wa kuchorwa, umiliki wa mtindo wa msanii aliyefariki mwaka 1972. Katika semina tulizohudhuria, tumesikia He-Man akijadiliwa mara nne na Ubongo Kids mara moja, tena katika swali kutoka kwa hadhira ambalo mtoa mada alilijibu kwa kusema kwamba katuni za leo "hazina mvuto wa zile zetu".

Tulikumbuke pia jambo la kweli ambalo wenye hamu wanalisema bila kulichunguza. Wanaposema mtoto wa leo hana wenzake wa kutazama nao, wamegusa palipo na jeraha. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, zile seti za picha nyeusi na nyeupe zikawa visanduku vitupu kwa asiye na king'amuzi. Kisha simu ikaingia, na skrini ikawa ya mtu mmoja. Kilichopotea hapo si katuni. Katuni zote zile zinapatikana, safi kuliko zilivyopata kuwa, kwa yeyote mwenye bando. Kilichopotea ni kiti cha fanani kati ya kioo na hadhira. Mtoto anayetazama peke yake, kwa Kiingereza anachokielewa au asichokielewa, hana wa kumgeuzia mtumishi akawa mwenye nyumba. Kama wenzetu wangeomboleza hilo, tungeomboleza nao.

Kazi iliyoko inajulikana na haina gharama kubwa. Wale mafanani wa sebuleni wako hai. Wana umri wa miaka arobaini na hamsini. Wako Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta. Wengine ni mama wa soko, wengine madereva wa malori ya Mombasa, wengine wahubiri. Hawatakumbuka wakiulizwa kwa hojaji, kwa sababu hojaji itawauliza walipenda katuni gani, nao watatoa orodha, na tutakuwa tumerudi pale pale. Waketishwe mbele ya kioo pamoja na wenzao wa siku zile, wawekewe filamu ile ile, sauti izimwe, na kinasa sauti kiwashwe kabla picha ya kwanza haijatokea. Kiswahili kitakachotoka kinakiliwe kama kilivyo, pamoja na Kisaghala na Kidawida kilichochanganyika nacho, na vicheko viandikwe, na mkatizaji apewe jina katika maandishi kama fanani. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa likizo moja ya chuo. Wawili wameomba ushauri wetu kuhusu mada za tasnifu mwaka huu, na wote walikuwa wameandika He-Man kichwani mwa pendekezo. Tumewarudishia karatasi zao na nauli ya matatu hadi Sagalla.